Darasa la Kwanza la Nguzo au Kitambaa cha Kuning'inia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayoingia kwenye simu zetu kutoka kwa wanaotaka kujifunza kupanda na kuzunguka kwenye nguzo ya chuma, au kwenye kitambaa kinachoning'inia darini, mengi yakiwa ya usiku wa kuamkia darasa. Penye mambo tumejibu kwa kirefu, pasipo na mengi tumepita haraka. Ukiwa huna muda, soma swali la mafuta na swali la nguo. Hayo mawili huwaharibia watu darasa la kwanza kuliko mikono dhaifu.

Sina nguvu hata ya kujivuta mara moja. Si bora nianze gym kwanza?

Njoo hivyohivyo. Wengi wanaoingia mara ya kwanza hawawezi kujivuta, na somo limepangwa kwa kulijua hilo: muda mwingi miguu iko sakafuni, na inapoacha sakafu ni kwa sekunde chache. Anayesubiri apate nguvu za gym atapata nguvu za gym. Kusukuma vyuma umekaa kwenye benchi hakukifundishi kiganja kubana chuma laini huku mwili unazunguka, wala hakulifundishi bega kukaa mahali pake kabla ya kubeba uzito. Hayo hujengwa kwenye nguzo yenyewe.

Kama siku zipo na mikono inakuwasha, tafuta bomba imara, shika kwa mikono miwili, kunja magoti ili miguu ibebe sehemu ya uzito, kisha shusha mabega yawe mbali na masikio. Ukiweza kukaa hapo kwa pumzi tano, umeshaanza.

Nina kilo 95. Nguzo itanibeba?

Iliyofungwa sawasawa itakubeba, na kuhusu kufungwa tumeeleza mbele. Kwa upande wako, kupanda kutakuchukua muda mrefu zaidi, basi. Kwenye mikao ya kubana kwa mapaja, paja nene hushika nguzo vizuri kuliko jembamba. Mwalimu anayekwambia ukapungue kwanza ndipo urudi, mwache na darasa lake.

Kwa nini mnasisitiza sana nisipake mafuta?

Kwa sababu kwenye nguzo kinachokuzuia usianguke ni ngozi yako. Kiganja, ndani ya paja, nyuma ya goti, kwapa, hata ubavu: hizo ndizo breki. Ngozi yenye mafuta haina breki.

Tunajua ugumu wa jambo lenyewe. Kwetu mtu akitoka bafuni asipojipaka huulizwa kama anaumwa. Siku hiyo kubali kupauka. Acha mafuta ya nazi, losheni, glisirini na vazelini tangu usiku wa kuamkia darasa, oga kwa sabuni ya kawaida, na uje mkavu. Kujifuta kwa taulo mlangoni hakutoshi. Mafuta yaliyoingia kwenye ngozi hutoka tena mwili ukipata joto, dakika ya ishirini hivi, wakati ambapo unahitaji ngozi ishike. Na hayaishii kwako: yanabaki kwenye nguzo, anayefuata anateleza.

Mafuta ya nywele nayo yamo. Mtu anajipapasa kichwa kuweka sawa nywele, anashika nguzo, anashangaa. Kwenye kitambaa madhara ni ya aina nyingine, maana mafuta hukaa kwenye nyuzi, na kitambaa kirefu cha namna ile hakifuliwi kila siku.

Darasa likiisha, jipake utakavyo.

Mikono yangu hutoka jasho sana. Nifanyeje?

Njoo na taulo ndogo. Darasani kutakuwa na spiriti ya kufutia nguzo kila baada ya watu wawili watatu, na kwa kawaida kuna chaki ile ya wakwea milima. Paka kidogo, pangusa ziada. Chaki nyingi huwa unga unaoteleza.

Hali ya hewa ina neno lake. Mombasa na Dar es Salaam tatizo ni unyevu, ngozi haikauki, na darasa la asubuhi mapema au lenye feni kali hukupa nafuu. Nairobi mwezi wa saba tatizo hugeuka. Chuma kinakuwa baridi, ngozi inakuwa kavu na ngumu, haishiki. Hapo usipake chaki. Sugua nguzo kwa viganja na mapaja mpaka ipate uvuguvugu, na ufanye mazoezi ya kupasha mwili moto kwa bidii kuliko kawaida.

Nivae nini?

Inategemea unapanda nini, na wengi hukosea hapa kwa sababu mavazi ya nguzo na ya kitambaa ni kinyume kabisa.

Nguzo inataka ngozi: bukta fupi inayobana na topu isiyo na mikono. Bukta pana ya mpira wa miguu haifai, hujikunja na kukuvua heshima ukiinua mguu. Unaweza kuja na taiti ndefu juu yake na kuivua tutakapofika kwenye kukaa na kupanda.

Kitambaa kinataka ufunikwe. Kikiteleza kwenye ngozi tupu huunguza kama kamba, na alama yake hukaa wiki. Vaa taiti inayofika chini ya goti au kwenye kifundo, na topu ndefu ya kuchomeka inayoziba kiuno na makwapa. Zipu, vifungo vya chuma na nakshi za kumetameta zibaki nyumbani, kwa sababu tundu dogo kwenye kitambaa hukitia wasiwasi chote. Pete ya chuma na bembea ya kitambaa, vifaa vingine vya kuning'inia tunavyovieleza mbele, hufuata kanuni hiyohiyo ya kufunika nyuma ya magoti.

Kote huko utakuwa pekupeku. Soksi hapana.

Navaa stara. Kuna nafasi yangu?

Ipo, na ukituuliza sisi tutakwambia uanze na kitambaa, bembea au pete, si nguzo. Kule nguo ndefu zinazobana ndizo zinazotakiwa na kila mtu, kwa hiyo hutakuwa mgeni wa mavazi chumbani. Hijabu ya michezo ya kuvuta, isiyo na pini, iliyochomekwa ndani ya topu, inatosha. Ushungi wa kuning'inia haufai, unaweza kukazwa na kitambaa shingoni. Hilo ni la usalama na hatulilegezi.

Ukiwa moyo wako uko kwenye nguzo, bado unaweza kujifunza mengi ukiwa na taiti: kutembea kuizunguka, mizunguko mingi ya kushika kwa mikono, na kazi ya sakafuni. Kukaa na kupanda ndiko kutakushinda, kwa sababu taiti ya kawaida huteleza kwenye chuma. Zipo zilizopachikwa mpira mapajani, ambazo hushika, ingawa si sawa na ngozi.

Kabla hujalipa, uliza mambo manne bila haya: darasa ni la wanawake watupu? Mwalimu ni nani, mwanamke au mwanamume? Mlango na madirisha yana pazia? Kuna kamera ya ulinzi chumbani? Hilo la mwisho husahaulika. Darasa linaweza kuwa la wanawake tu na kamera ya ukutani ikawa inatazamwa na mlinzi getini.

Mwezi wa Ramadhani jiwekee darasa baada ya futari. Kuning'inia bila maji mwilini ni kutafuta kizunguzungu.

Vito, kucha, nywele, shanga?

Pete za vidoleni, bangili, saa, cheni na hereni za kuning'inia zote zinavuliwa. Pete huchora nguzo, na mchoro ule hukata ngozi ya mwenzako. Shanga za kiunoni nazo zivue nyumbani kabla ya kutoka. Zikikatika katikati ya zoezi zitakuchoma kwanza, kisha zitatawanyika sakafuni kwa watu walio pekupeku.

Kucha ndefu za bandia huzuia ngumi kufunga, na mshiko usiofunga si mshiko. Nywele zilizosukwa rasta ndefu zifunge juu kwa fundo. Zikiachwa zinaingia chini ya kiganja, au zinazungushwa pamoja na kitambaa, na hapo mwalimu itabidi akupandie kukunasua. Hina na piko hazina tatizo zikishakauka na kuoshwa.

Nguzo, kitambaa, pete au bembea: nianze na ipi?

Bembea ndiyo pole kuliko zote. Ni kitambaa kilichofungwa ncha zote juu, kikafanya mfuko karibu na kiuno. Unaweza kukaa, kulala na hata kupinduka huku kimekubeba. Pete ni duara la chuma ambalo mtu hukaa ndani yake. Huumiza nyuma ya magoti siku za mwanzo, lakini picha zake hutoka haraka, na wanaotaka kuona matokeo huipenda.

Nguzo huanza kwa urahisi kwa sababu sakafu iko karibu muda wote. Kitambaa kile cha vipande viwili vinavyoshuka mpaka chini ndicho kigumu kwa anayeanza: hakina pa kukanyaga mpaka ujue kukifunga mguuni mwenyewe. Kwa hiyo madarasa mengi hukifunga fundo chini kwanza, kikawa kiti, ndipo uzoee.

Darasani kunafanyika nini hasa?

Saa moja, pengine na nusu yake. Robo ya kwanza ni kupasha mwili: viganja, mabega, nyonga, tumbo. Usichelewe hapo. Mwalimu makini hamruhusu aliyekosa sehemu hiyo kupanda, na ana haki.

Kisha nguzo. Utafundishwa kutembea kuizunguka, mkono wa karibu ukiwa juu, mwili ukiegemea nje ili mkono unyooke. Inaonekana upuuzi mpaka ujaribu. Wengi hutembea wameikumbatia nguzo, kifua kimegusana nayo, na kutoka hapo hakuna mzunguko unaowezekana. Ukijifunza kuiachia nafasi, mzunguko wa kwanza huja wenyewe: mguu wa karibu unakanyaga kando ya shina, wa nje unafagia upana wa hewa, mikono miwili inashika, magoti yanaibana nguzo, na mwili unashuka polepole ukizunguka. Huo huitwa mzunguko wa zimamoto, na ndio karibu kila mtu huanza nao.

Baadaye, kupanda. Kunja kifundo cha mguu, weka muundi wako mshazari juu ya nguzo, goti upande mmoja na mguu upande wa pili. Mguu wa pili unapita nyuma na kuibana nguzo kwa shavu la mguu. Sasa simama. Si kujivuta, ni kusimama, kama mtu anayeinuka kitini, na mikono inapanda baada ya miguu kuisha kazi yake. Anayejivuta kwa mikono huchoka mara ya pili. Anayesimama kwa miguu hufika juu akashangaa.

Nguzo inaweza kuwa imekazwa isizunguke, au imeachiwa izunguke yenyewe. Omba iliyokazwa. Ile inayozunguka huonekana rahisi kwenye video, lakini hushika kasi ukijikusanya na tumbo hugeuka.

Kwenye kitambaa, somo la kwanza huwa fundo la mguu: mguu unazunguka kitambaa kutoka nje, mguu wa pili unakisukumia ndani, unasimama. Ukilipata hilo umepata ngazi yako. Ukisahau namna ya kulifungua, tulia umesimama humohumo, mwambie mwalimu. Wanaoumia ni wanaoruka.

Nitageuzwa kichwa chini siku ya kwanza?

Kwenye nguzo na kitambaa, hapana. Kwenye bembea inawezekana, kwa sababu imekubeba kiunoni, lakini ni hiari yako. Neno "sitaki" halihitaji maelezo.

Inauma?

Ndiyo, na tusidanganyane. Kukaa kwenye nguzo kunabana ngozi ya ndani ya paja kwa namna ambayo hakuna mchezo mwingine unaibana. Utaamka na alama za kuvilia damu mapajani, miundini, pengine juu ya mguu, na mumeo au mama yako atauliza. Kwenye ngozi nyeusi alama hizo huonekana kidogo lakini huuma vilevile. Maji ya baridi siku ya kwanza, basi. Ngozi huzoea baada ya wiki kadhaa.

Misuli itauma zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza, hasa vigasha, mgongo wa juu na mbavu. Hiyo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, ganzi inayoshuka mkononi, au misuli iliyovimba ikiambatana na mkojo wa rangi ya chai ya strungi. Huo mkojo ni dalili ya misuli kuvunjika kupita kiasi, ni nadra, lakini ukiuona nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Ni nani asije, au amwone daktari kwanza?

Mjamzito asianze jambo hili jipya akiwa na mimba. Mwenye presha isiyotulia, glakoma au tatizo la retina asining'inie kichwa chini, kwa sababu kugeuka hupandisha shinikizo la damu kichwani na machoni. Mwenye ngiri, tatizo la diski ya mgongo, bega lililowahi kuteguka, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, ukiwemo wa uzazi, apate kwanza ruhusa ya daktari. Mwenye selimundu azungumze na kliniki yake: jitihada kali pamoja na upungufu wa maji vinaweza kuleta maumivu yake.

Mwambie mwalimu kabla ya somo, faragha. Kuhusu hedhi, njoo kama unajisikia vizuri. Hakuna kinachozuia.

Nile nini kabla?

Chakula chepesi saa mbili kabla. Ugali na maharage vikiwa bado juu, kubanwa tumbo na bembea utajuta.

Nitajuaje kama mahali penyewe ni salama?

Inua macho utazame dari. Hapo pana majibu mengi.

Kitambaa, pete na bembea vinaning'inia kwenye kitu kimoja juu, na kitu hicho lazima kiwe sehemu ya jengo inayobeba mzigo: boriti ya chuma au zege iliyopimwa na mhandisi, au fremu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mbao za kenchi chini ya mabati hazikubuniwa kubeba mtu anayedondoka. Na kudondoka ndiko kunakohesabiwa: mtu wa kilo 70 akishuka kwa kishindo na kitambaa kikamkamata ghafla, mzigo pale juu huwa mara kadhaa ya kilo zake. Ndiyo maana karabina za kazi hii, yaani zile kulabu za chuma zinazojifunga, zina uwezo wake umechongwa ubavuni kwa kN, na kN 1 ni karibu uzito wa kilo 100. Ukiona imeandikwa 22 au zaidi, uko kwenye mikono ya watu wanaojua. Ukiona karabina ya mnyororo wa funguo, ondoka.

Nguzo ishike kwa mkono, uitikise. Isicheze. Zinazotumika mashindanoni zina kipenyo cha milimita 45, unene ambao kiganja cha mtu mzima huzunguka vizuri.

Chini ya kila kifaa cha kuning'inia pawe na godoro nene la kuangukia, si mkeka wa yoga. Kisha mtazame mwalimu. Anasimama karibu na anayejaribu, au yuko pembeni na simu? Uliza alijifunza wapi, na vifaa vilikaguliwa lini. Anayejibu bila kununa ndiye wako.

Wanaume wanakuja?

Wanakuja, na wana haki ya kihistoria. Mallakhamb ya India, mchezo wa wapiga mieleka wa Maharashtra kwenye nguzo ya mbao, ulikuwa wa wanaume kwa muda mrefu, na nguzo ya sarakasi za Kichina vilevile. Kichekesho ni kwamba Wahindi wao huipaka nguzo yao mafuta ya nyonyo makusudi.

Mwanamume wa gym hufika na mikono yenye nguvu, akagundua nyonga hazifunguki. Avae bukta inayobana.

Lakini hii si michezo ya klabu za usiku?

Imetoka huko kwa sehemu, na hatuoni sababu ya kuficha. Madarasa haya kwa watu wa kawaida yalienea kuanzia miaka ya 1990 kutoka Kanada na Marekani, na walimu wa mwanzo walikuwa wacheza densi wa klabu hizo. Mizunguko mingi tunayofundisha ni ufundi wao. Upande wa pili ni sarakasi, na mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la mchezo wa nguzo lilipewa hadhi ya mwangalizi na GAISF, chombo kilichokuwa kikiunganisha mashirikisho ya michezo duniani.

Yapo madarasa ya viatu virefu na mauno, yapo ya mazoezi matupu. Soma jina la darasa kabla ya kulipa, au uliza. Ukiingia lisilo lako hutafurahi, na wenzako hawatafurahi.

Ukiona aibu kueleza nyumbani, sema unaenda mazoezi. Si uongo.

Watanipiga video?

Wasikupige bila idhini yako. Mwambie mwalimu mlangoni, kwa sauti ya kawaida, kwamba hutaki kuonekana mtandaoni. Kama anayejirekodi ameelekeza simu kwako, una haki ya kumwomba ageuze.

Naweza kufunga nguzo nyumbani nijifunze mwenyewe?

Baadaye. Nguzo za nyumbani hubanwa kati ya sakafu na dari, na nyumba nyingi za kupanga zina dari ya jipsamu au ya mbao laini iliyoning'inizwa chini ya paa, hasa ghorofa ya juu kabisa. Hiyo itatoboka. Panapofaa ni chini ya slebu ya zege, na mwenye nyumba awe amekubali. Kitambaa kwenye mwembe hatukijibu hata.

Baada ya darasa la kwanza, nirudi lini?

Acha siku mbili au tatu zipite, ngozi ya mapaja na vigasha vipumzike. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha kwa miezi ya mwanzo. Usinunue furushi la madarasa mengi siku hiyohiyo ukiwa bado na msisimko. Lipia moja jingine, uone kama siku na saa zinakufaa na kama mwalimu anakufaa, na uulize pesa inakuwaje ukiahirisha. Na ukirudi, anza kwa upande wako dhaifu. Kila mzunguko ulioufanya kwa mkono wa kulia ufanye kwa wa kushoto, hata kama unaonekana kituko.